Harufu ya Gunia Bichi

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi kazini. Wiki ya saba tangu madaktari wanikate sehemu ya tumbo ili nipungue unene. Asubuhi vijiko viwili vya mayai ya kuvuruga, kwenye kisahani cha binti yangu, kile chenye picha ya bata. Kijiko cha pili kikagoma katikati ya kifua. Hakishuki, hakipandi. Halafu povu. Si matapishi — povu! Mate mazito meupe, yanavutika mpaka kwenye sinki na kukataa kukatika. Mke wangu nyuma yangu na kitambaa, anauliza kama nimetafuna mara ishirini. Nimetafuna mara thelathini. Yai gani la kutafunwa mara thelathini? Kinyaa kitupu.

Kiwandani wamenipokea kwa makofi. Wanajua nilipasuliwa ngiri. Ndivyo nilivyoandika kwenye fomu ya ruhusa na ndivyo itakavyobaki. Mlinzi wa getini kanitazama juu mpaka chini: Bonge, nusu yako umemwachia nani? Nimecheka. Kilo ishirini na mbili hazifichiki, lakini jina bado wananiita Bonge. Sawa tu.

Jumanne, 4 Machi

Chumba cha kuonjea chai. Vikombe arobaini mezani, kila kimoja na fungu lake la chai. Saa ya mchanga ya dakika sita. Ndoo ya mate yenye magurudumu, naisukuma kwa goti. Miaka kumi na tisa nalipwa kwa hili: kijiko, fyonza kwa kelele, zungusha mdomoni, tema. Natamka hukumu, msaidizi wangu Miwani anaandika. Miaka kumi na moja tuko pamoja, mimi na yeye na ile miwani yake iliyofungwa waya. Akishaandika huonja nyuma yangu, kwa hamu yake tu. Nikishatamka, nimetamka.

Kikombe cha kwanza: gunia. Gunia bichi lililosahauliwa kwenye kona ya panya. Cha pili: gunia. Cha tano, gunia. Nikawaza chai za leo zote zimeoza. Kisha nikapanguza mdomo kwa leso, na leso nayo — gunia.

Basi ni mimi.

Daktari alisema kwa wengine ladha hubadilika, hurudi baada ya miezi. Kwa wengine! Nilidhani hao wengine ni watu wengine.

Nimeonja kwa macho. Rangi ya maji, majani yaliyobaki kwenye kifuniko, ukungu mwembamba juu. Macho bado yangu. "Angavu. Hai. Kali kidogo mwishoni." Miwani anaandika tu, kalamu haikusita. Kikombe cha arobaini jasho limenitoka mgongoni. Nimeitazama ile ndoo, mate yangu yote ya asubuhi, na nusura niongeze mengine.

Alhamisi, 6 Machi

Kioo cha bafuni nimekigeuzia mgongo, bado nikajiona kwenye vigae. Tumbo halijaondoka. Limeshuka tu, limekaa mapajani limechoka. Chini ya mkunjo kuna upele, unatoa maji, unanuka. Mke wangu ananipaka dawa kwa kidole kimoja, uso ameuelekeza dirishani. Anazungumza habari za pazia. Namwona anavyoelekeza uso dirishani! Simlaumu. Hata mimi ningeangalia pazia.

Nywele zinabaki kwenye taulo. Pumzi yangu ina harufu ya rangi ya kucha. Binti yangu kasema, baba usinibusu, unanuka dukani. Duka gani? Hajui. Duka tu.

Jumapili, 9 Machi

Mama amekuja. Alipofika mlangoni hakunisalimu, aliweka mkono mdomoni. Nimemsikia jikoni akimbana mke wangu: mwenzangu niambie ukweli, ni ule ugonjwa? Mke wangu akamweleza ngiri, tumbo, dawa. Mama hakuamini hata neno moja. Karudi sebuleni na kipande cha keki aliyoioka mwenyewe, kakaa mbele yangu na uma mkononi, kama bado nina miaka mitatu. "Kula nikuone, baba'ngu."

Nimekula ili anione. Matonge matatu. Dakika kumi baadaye moyo unakimbia, mikono inatetemeka, jasho la baridi, na tumbo likafunguka. Nimefika chooni kwa bahati. Nimekaa humo nikisikia mama analia kwa sauti ya chini, na mke wangu anaapa kwamba si ule ugonjwa.

Sukari! Adui yangu sasa ni keki ya mama. Niliomba kupungua ili niweze kuinama kufunga kamba za viatu bila kuona nyota. Leo nafunga kamba vizuri sana. Ila sina pa kwenda na viatu zaidi ya chooni.

Jumatano, 12 Machi

Leo Miwani ameniuliza. Hajawahi kuniuliza.

Leo kimezidi kikombe kimoja: fungu la arobaini na moja. Nimefyonza. Gunia, kama kawaida. Labda gunia lilikuwa zito zaidi, labda lilikaa ulimini muda mrefu kuliko la jirani yake — nikasita. Nusu sekunde. Nikajiambia: ni wewe huyo, ni uozo wako mwenyewe. Rangi nzuri, majani mazuri. "Safi," nikasema. Nikatema.

Miwani kaandika. Kaonja nyuma yangu. Kisha kanitazama juu ya miwani. "Una uhakika, kaka?"

Nikamjibu vibaya. Nimemwambia aandike, kazi yake ni kuandika. Akafunika kalamu, akajaza kopo la sampuli la fungu lile, akaliziba kwa gundi, akaliweka kabatini pamoja na mengine. Saa ya kutoka, hata kwaheri kaiambia meza.

Jumanne, 18 Machi

Maharage ya kupondwa. Vijiko vinne bila povu! Mke wangu kapiga kigelegele, binti akaitika. Kisha nikacheua kwa sauti mbele ya wote, harufu ikajaa chumba, na kigelegele kikafa chenyewe.

Jumatatu, 24 Machi

Fungu la arobaini na moja limerudishwa. Lote. Mnunuzi ameandika barua: lina uvundo, linanuka gunia bichi.

Niliisoma barua nimesimama. Gunia bichi. Maneno yangu yaleyale, ninayoyaficha mdomoni tangu wiki ya kwanza, leo yamechapwa kwa mashine.

Kwa hiyo lilikuwa kwenye kikombe. Lilikuwa kwenye kikombe na mimi nilidhani ni mimi.

Meneja ameita kikao cha dakika tano. Hesabu yake ni fupi: Bonge aliipitisha, ulimi wa Bonge haukosei, kwa hiyo chai ilitoka hapa safi. Baada ya hapa ilikaa ghalani siku nne. Kwa hiyo ililowa ghalani. Mzee wa ghala asimamishwe kazi mpaka Ijumaa, Ijumaa tutaamua. Watu wote wakamgeukia mzee. Hakuna aliyenigeukia mimi. Miwani alikuwa anafuta miwani yake kwa ncha ya koti, muda wote, lenzi zikatakata mpaka basi.

Na mimi? Mate yalijaa mdomoni, nikayameza.

Jumanne, 25 Machi

Mzee wa ghala alinisubiri nje ya geti. Amebakiza mwaka mmoja astaafu. Hakuja kulalamika. Alikuja kunishukuru! Anasema meneja ana mpango wa kufungua lile kopo la sampuli Ijumaa mbele ya wote. Kopo halikufika ghalani hata siku moja. Chai ya kopo ikiwa safi, kosa ni la ghala. Ikiwa inanuka, iliharibika kabla ya kumfikia yeye, huko kwenye mashine za kukaushia. Na atakayeonja ni mimi. "Mungu mkubwa, mwanangu, imeangukia kwako. Wewe huwezi kusema uongo juu ya chai."

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Kisha akanitazama vizuri, akaniuliza kama nakula. Akasema nimekonda sana, nisijitese kwa kazi.

Nimerudi nyumbani nikatapika maji. Maji matupu! Sikujua maji yanaweza kukwama.

Jumatano, 26 Machi

Miwani kanitega.

Asubuhi kaweka vikombe vitatu pembeni. Kasema ni mafungu mapya, niangalie haraka kabla hatujaanza. Kavifunika kwa karatasi nyeusi, kaacha tundu la kijiko tu, rangi haionekani. Sikuweza kukataa. Nimefyonza, nimetema. Cha kwanza nikasema hafifu. Cha pili hai. Cha tatu nikasema kimeungua kidogo.

Hakuandika. Akaondoa karatasi moja moja, akaikunja, akaiweka mfukoni. "Vyote vitatu nimemimina kutoka birika moja, kaka. Ya jikoni. Ya wafanyakazi."

Nimemwambia yote. Sijui yalikotoka. Ngiri ya uongo, tumbo, povu, upele, gunia. Hata mkunjo nimemwambia, hata pazia. Nilitegemea atasogea nyuma. Hakusogea. Akauliza tu: tangu siku ya kwanza? Ndiyo. Akahesabu kwa vidole siku alizoandika uongo wangu kwa mwandiko wake. Vidole vikaisha akaanza upya.

Akasema: Ijumaa ukisema safi, mimi siandiki. Nitaweka kalamu chini, nao wataniuliza kwa nini.

"Na nikisema inanuka?" nikauliza.

"Utakuwa unajua, au unabahatisha?"

Mzee atapona kwa kubahatisha kwangu, na mimi nitabaki na jina langu. Nimelitamani jibu hilo, usiniulize mara mbili. Ningesema inanuka, kwamba siku ile niliteleza mara moja tu katika miaka kumi na tisa, mzee angerudi ghalani, fundi wa mashine angekalia kiti chake cha moto, na Bonge angeendelea kutema mbele ya watu kama shujaa. Miwani aliona ninavyolitamani. Ndipo aliposogea nyuma.

Alhamisi, 27 Machi

Nimebaki peke yangu chumbani saa ya mapumziko ya mchana. Nimefungua kabati. Kopo liko pale, namba arobaini na moja, mwandiko wa Miwani. Sikulifungua. Nilinusa tu kwenye mfuniko. Gunia. Nikanusa kopo la arobaini. Gunia. Nikanusa kiganja changu, kola ya shati, mpini wa kijiko. Nyumbani nikanusa kichwa cha binti yangu alipokuja kunionyesha madaftari, pale utosini, palipokuwa pananukia mafuta yake tangu azaliwe.

Gunia.

Nimeingia bafuni nikajifungia. Najichukia. Namchukia daktari na mapicha yake ya kabla na baada. Nachukia sauti ya tumbo langu, inavyoguguma baada ya kila kijiko utadhani bomba la choo cha jirani.

Mke wangu nimemwambia habari ya kazini. Aliacha kukunja nguo. Nilingoja aseme nyamaza, tuna mtoto. Au aseme sema, Mungu anaona. Hakusema lolote kati ya hayo. Aliuliza: "Na huyo mzee ana nani nyumbani?"

Sijui ana nani. Miaka kumi na tisa, sijawahi kumuuliza.

Ijumaa, 28 Machi

Naandikia chooni, cha ofisini, daftari kwenye goti.

Mke wangu alinifungia yai la kuchemsha. Nilikula ngazini, haraka, sikutafuna. Mara mbili tatu tu nikameza, nikifikiria maneno ya kuanzia. Limekwama. Povu linakuja kila baada ya dakika, naliokota kwa karatasi maana nikitema wanasikia. Tai imechafuka. Shati hili ni la zamani, shingo mbili zingeingia humo.

Wote wako chumba cha kuonjea. Meneja, fundi wa mashine, karani wa mnunuzi na koti lake. Kikombe kimoja tu mezani, kwenye meza ya vikombe arobaini. Miwani kafungua kopo mbele yao, kapima majani, kamimina maji. Nimemwomba dakika moja. Kageuza saa ya dakika sita bila kunitazama. Kalamu hakuishika bado. Imelala juu ya daftari.

Nimeandaa maneno. "Nilipasuliwa tumbo, si ngiri. Sina ladha tangu nirudi kazini. Mwacheni Miwani aonje." Maneno machache tu! Nayatamka hapa kwa sauti ndogo, yanatoka vizuri kabisa. Halafu namsikia meneja kule ndani anamwambia karani: huyu mtu wetu, ukimfunga macho atakwambia chai ilichumwa siku gani. Na karani anasema alaa. Na mimi humu, na povu kidevuni, nimefurahi kusifiwa! Nimefurahi. Hilo ndilo linalonuka kuliko yote.

Dakika mbili zimebaki, labda moja.

Mlango umegongwa. Nilidhani Miwani. Ni mzee wa ghala. Anasema polepole, wengine wasisikie: "Mwanangu, nimekuletea maji ya kunawa. Usiharakishe. Nimewaambia wakungoje."

Viatu vyake naviona chini ya mlango. Amevipaka rangi leo. Haondoki.