Gobore la Baba na Kitambaa cha Mto

S.L.P. 31,
Sorrel Branch,
Kentucky.

Jumapili, 10 Novemba 2019

Mpendwa Mama Mkubwa Delphia,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako halikutesi sana kwa mvua za huko Oregon. Baba Mkubwa Wendell naye anaendeleaje na kifua chake? Mwambie asiache kunywa ile asali. Sisi huku miili yetu haina neno. Umande umeanza kuganda asubuhi, na majani yote yamekwisha kudondoka. Majira ya joto mti wa jozi ulikuwa ukilificha kaburi la Mama. Sasa naliona waziwazi kila ninapoosha vyombo.

Barua yako niliipata Jumatatu. Unaniuliza, kwa upole wako, kama ni kweli macho ya Baba yamekwisha, na kama ni sawa Kaka Rollin aje sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa mwezi huu, kulichukua gobore na kumhamishia Baba kwenye nyumba ya wazee karibu na kwake, Lexington. Najua Rollin amekupigia simu. Simlaumu, kwa kuwa hofu yake ni ya kweli. Ila yeye aliona siku moja tu, nami nimekaa na Baba tangu Februari tulipomzika Mama. Nivumilie nikueleze. Rollin hukusikiliza wewe kuliko anavyonisikiliza mimi.

Alichokiona ni mashindano ya kulenga shabaha ya Jumamosi iliyopita, yale ya kugombea nyama ya ng'ombe. Unayakumbuka: wa kwanza anachagua paja, wengine wanafuata, na wa tano anaondoka na ngozi na mafuta. Katika umri wangu wote sijawahi kumwona Baba akirudi mikono mitupu. Mama alikuwa akiomba awe wa tano, maana aliyataka yale mafuta kwa kazi yake ya viraka vya bunduki.

Mwaka huu Baba hakugusa hata ubao wa shabaha. Risasi ya kwanza ilichimba udongo, ya pili ikaenda anakojua Mungu. Hobert Noble akapaza sauti, "We Verlin! Huyo ng'ombe ameshachinjwa, huna haja ya kumwonea huruma!" Mwingine akadakia, "Mwacheni mzee, anawinda kindi." Baba akawajibu, "Chekeni, chekeni, maadamu meno bado mnayo," naye akacheka pamoja nao. Rollin hakucheka. Tulipofika kwenye gari alinigeukia.

"Junia, mzee haoni. Unangoja mpaka ampige mtu?"

"Anaona."

"Anaona nini? Ubao ni mkubwa kama mlango wa choo!"

Jibu lenyewe halikuwa langu kulitoa mbele ya Baba. Nakupa wewe.

Gobore lilianza kutawanya risasi mwezi wa Aprili. Baba alijaribu kidogo, akalirudisha ukutani, akasema, "Mkono umechoka." Mimi sikukubali. Unanijua nilivyo. Shuleni walinifundisha kwamba kosa lina makazi yake, na ukigonga kila mlango utalikuta. Pengine pia nilihitaji kitu cha kushika mikononi, kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno.

Nikaanza na baruti. Nilipunguza kipimo, nikaongeza, lakini hapakuwa na tofauti. Nikausafisha mtutu kwa kitambaa kibichi baada ya kila mlio, maana masizi yakijaa risasi hupotea. Bado. Nikazipima risasi zote kwenye mzani wangu mdogo, nisije nikawa nazo zenye uwazi ndani, na zote zilikuwa nzima. Nikaangalia mdomo wa mtutu kwa kioo cha kukuzia, nikitafuta pengo au mkwaruzo. Ulikuwa laini kama mdomo wa kikombe.

Mwishowe niliweka meza malishoni, nikalilaza gobore juu ya mifuko ya mchanga, nikapiga mwenyewe. Mimi, Mama Mkubwa, mwenye macho ya miaka ishirini na sita, na bunduki iliyolala kama mtoto kitandani, nikatawanya kama yeye. Siku ile nililia kwa furaha. Nilijua kosa halikuwa la Baba.

Ndipo nilipoanza kuokota viraka. Wewe ulilelewa na bunduki hizi, huna haja nikufundishe kwamba risasi ya duara ni ndogo kuliko tundu, na kwamba kinachoishika isiyumbe ni kile kiraka chenye mafuta kinachoivika na kubana kwenye mifereji ya mtutu. Kiraka kizuri hudondoka nyasini kikiwa kizima, chenye duara jeusi katikati. Vyetu vilikuwa vimechanika na kuungua, vingine vimebaki nyuzi tupu. Kitambaa ni cha dukani, Baba alikinunua Mama alipokwisha kufariki. Kina mistari ya buluu kama kile cha Mama, lakini ni chepesi, na kimejaa wanga.

Kwenye kijisanduku cha shaba kilichomo kitakoni mwa gobore nilikuta kiraka kimoja cha zamani. Kilikuwa kimejikunja pembeni, bado kina harufu ya nta na mafuta ya ng'ombe. Nilikipima unene, kisha nikakaa nacho mkononi muda mrefu. Nilijua alikikata nani. Nilijua pia kwamba bila kukitumia sitathibitisha lolote.

Nikakitumia. Risasi ilipiga katikati ya shabaha.

Baba alikuwa barazani akitunga maharage mabichi kwenye uzi kwa ajili ya kuyakausha. Kutoka kule hakuweza kuiona shabaha, maana ghala liko katikati. Lakini unaujua mlio wa gobore lililobanwa vizuri, ni kama ubao mkavu unaovunjwa gotini. Nilipoinua kichwa alikuwa anashuka malishoni bila kofia, uzi wa maharage ukimning'inia mkononi.

"Umekitoa wapi?"

"Nini, Baba?"

"Usinifanye mjinga, binti. Hicho ni cha mama yako."

Nikamwonyesha kijisanduku. Akainama, akatafuta nyasini mpaka akakiona kiraka, kizima, kinafuka moshi kidogo. Akakiweka kwenye mfuko wa shati.

"Kwa hiyo ulijua kwamba ni kitambaa," nikasema.

"Nimejua tangu Aprili."

"Na unawaacha watu waseme wewe kipofu?"

"Waseme. Nikiwaambia ni kitambaa, wataniuliza cha Orlena kimekwisha? Nami siwezi kusema uongo, hakijakwisha. Halafu atatokea mtu mwema, pengine wewe, aniletee mkasi."

Sikuelewa mpaka usiku, nilipokuwa nikitandika kitanda chake. Unakumbuka Bibi Arminta alipokigawa kile kitambaa kizito cha godoro lake, nusu kwako na nusu kwa Mama. Mama alikata viraka kutoka nusu yake miaka yote ya ndoa. Kipande cha mwisho alikishonea mto wake mwenyewe alipokuwa mgonjwa, kwa sababu mto wa hospitali ulimchoma shingo. Ndio mto anaoulalia Baba. Foronya yenyewe hajaniruhusu kuifua hadi leo.

Sasa sikiliza sehemu inayoniuma. Unaweza kuniambia kwamba kitambaa kinene si kitu adimu, nami nilifikiri hivyohivyo. Niliagiza kingine, kizito, kilichofumwa vizuri. Nilikifua kwa maji moto mpaka wanga wote ukatoka, nikakipaka nta na mafuta kama Mama alivyofanya, nikarudi mezani. Risasi zikakaa karibukaribu kama kunguru kwenye waya. Gobore limepona, Mama Mkubwa. Nilikata viraka rundo zima, nikavipanga kwenye kopo, nikampelekea kwa fahari kama mtoto aliyeshinda mtihani.

Alikiangalia kimoja, akakivuta kwa vidole viwili. Akasema ni kizuri. Akaliweka kopo kwenye rafu.

Asubuhi ya mashindano nilimwona akikijaza kile kijisanduku cha shaba kwa viraka vya dukani, vile vibovu. Kopo langu hakuligusa. Nikamwuliza, pengine kwa ukali, kama anataka kuchekwa.

"Miaka arobaini," akasema, "kila nikishinda, watu wakiniuliza siri, nawaambia ni kitambaa cha Orlena. Wakadhani natania. Leo nipige vizuri na cha kuagiza? Basi yeye alikuwa anafanya nini miaka yote ile?"

 Ninaweza kukueleza kwa nini wanga huunguza uzi, lakini hilo sikuweza. Nikapanda gari naye. Nikasimama nyuma ya kamba nikamtazama akikosa, nikijua kopo liko rafuni na kwamba ningeweza kulileta. Niliona alivyolenga. Hakutetemeka. Aliiweka bunduki palepale panapotakiwa, kwa utulivu wote, akiwa anajua kwamba risasi haitakwenda alikolenga. Nadhani hapakuwa na mtu mwingine pale aliyeliona hilo isipokuwa mimi, na nimelala nalo kifuani tangu siku hiyo.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili: macho ya Baba ni mazima. Juzi alimwona mwewe juu ya mlima kabla yangu. Mwambie Rollin hivyo, naye atakuamini. Lakini siwezi kukuambia kwamba Baba ni mzima. Anakula maharage na mkate wa mahindi nikimpa, nisipompa hadai. Haongei na mtu. Hobert alikuja mara mbili na keki ya matofaa makavu ya mkewe, kujaribu kuomba radhi kwa utani wake, na Baba akajifanya amelala. Mashindano ndiyo kitu pekee kilichomtoa nje mwaka huu. Rollin akilichukua gobore, sioni kitakachomtoa tena. Na likibaki ukutani hivi lilivyo, nalo halimtoi. Nikiwa peke yangu jioni huwaza kwamba labda amekwisha kuamua kumfuata Mama polepole, kwa njia isiyo dhambi.

Sijamwomba Baba aukate mto, wala sitamwomba. Usimwombe na wewe.

Lakini nakumbuka ulivyokuja kwenye mazishi, ukasema jikoni kwamba nusu yako bado iko chini kabisa ya sanduku la mierezi kwa sababu Baba Mkubwa Wendell hakuwahi kuwa mtu wa bunduki. Baba alikuwa nje akichimba kaburi na vijana, hakukusikia. Sijamwambia.

Nilitaka kukuomba uitume. Niliandika hivyo kwenye barua ya kwanza, nikaichana. Kitambaa kikija kwa posta kitakuwa cha kuagiza tu, nacho kitapanda rafuni juu ya kopo langu. Wewe ndiye uliyeketi na Mama sakafuni kwa Bibi Arminta, mkikata viraka kwa mkasi mmoja. Mkono wako unafanana na wake hata kwenye kukunja taulo, niliuona siku ile nikashindwa kubaki chumbani.

Ilete mwenyewe. Njoo kabla ya Shukrani, kabla Rollin hajafika na lori lake. Keti barazani, kata mbele ya Baba, na usimweleze chochote. Kama nitakuwa nimekosea, utakuwa umenilia kuku mmoja na kumwona shemeji yako. Na kama kitambaa chenyewe kimeliwa na nondo, usikitaje. Njoo hivyohivyo.

Nisalimie sana Baba Mkubwa Wendell. Wasalimie binamu Corliss na mumewe, na mbusu mtoto wao ambaye sijamwona. Baba angekusalimu kama angejua kwamba naandika, kwa hiyo pokea salamu zake.

Mungu akufunike njia nzima, akuvushe milima kabla ya theluji.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda na kukungoja,

Junia