Zamu ya Mvua

Bweni la Wasichana,
Ruteng, Flores.
Jumanne ya Juma Kuu, 26 Machi 2024

Mpendwa Shangazi Ferdina,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima huko Kalimantan, na kwamba yale maumivu ya mgongo uliyomwandikia baba yamepungua. Bado unawapikia wafanyakazi wote wa shamba la michikichi peke yako, au wamekupa msaidizi? Mimi sijambo, ila nimekonda kidogo kwa mfungo. Mama alipokuja kunitembelea alinitazama kana kwamba ameonyeshwa mtoto wa jirani.

Huku mvua haijaisha. Ukungu unashuka saa tisa alasiri na kuingia bwenini kupitia madirisha, taratibu, kama mgeni aliyeizoea nyumba. Kuna siku tukiwa kikanisani sioni altare, naona mshumaa tu, na nyimbo za masista zinanifikia kana kwamba zinatoka ng'ambo ya bonde. Changanya na njaa ya Kwaresima, basi mtu anashinda kutwa kama yumo ndotoni. Nakuandikia nikiwa katika hali hiyo hiyo, kwa hiyo univumilie.

Baba bila shaka alikuandikia kwamba tangu Julai mimi ni kiranja mkuu wa bweni. Kazi hiyo niliipenda, Shangazi. Nilipenda kusimama mbele asubuhi na daftari langu, wasichana mia moja na sitini wakininyamazia. Sasa nataka nikusimulie yaliyonipata.

Darasani kwetu kuna msichana anaitwa Ludgardis, mpole, wa kijiji cha nyuma ya ule mgongo wa milima. Kila siku alikuwa anasinzia kwenye sala ya asubuhi. Kichwa kinashuka, kinashuka, halafu kinashtuka. Niliandika jina lake mara nne, haikusaidia kitu. Juma moja kabla ya Jumatano ya Majivu, sala ilipokwisha, nikasema mbele ya watu wote:

“Jamani, bweni letu limepata msimamizi mpya. Mtakatifu Sinzia!”

Na bweni zima likaitikia kwa sauti ya litania: “Utuombee!”

Sitakudanganya. Kile kicheko kiliniingia mwilini kama kahawa ya moto wakati wa baridi. Nilikipenda. Kufikia jioni jina lilikuwa limeenea bombani na kwenye foleni ya chakula, wasichana wakiweka viganja shavuni kila Ludgardis alipopita. Yeye alitabasamu. Nikachukulia tabasamu lile kuwa ruhusa.

Jumatano ya Majivu, Sista Aleidis, mlezi wetu, alituita viranja wote kumi na wawili. Tulikuwa tumeshaandika mifungo yetu: huyu anaacha sukari kwenye kahawa, huyu anaacha pilipili, yule atasali rozari akiwa amepiga magoti. Alitusikiliza mpaka wa mwisho.

“Hayo ni mazuri, na mtayafanya,” akasema. “Lakini nyinyi ni viongozi. Kila siku kabla ya chakula cha jioni mtakaa kimya dakika kumi. Mtajiuliza: leo nimempunguza nani? Kesho yake mnamrudishia mlichomchukulia. Basi.”

Oliva, kiranja wa jikoni, akanyoosha mkono. “Na kama sijampunguza mtu, Sista?”

“Basi ujue umelala siku nzima.”

Siku za kwanza nilipata vitu vidogo vidogo. Niliwahi kumkatiza mtu maneno. Niliwahi kuchukua ndoo ya maji iliyokuwa ya mwenzangu. Siku ya sita ndipo uso wa Ludgardis ulipokuja. Nikauambia uso ule, kesho. Kesho yake nikauambia tena, kesho. Jumatatu ya pili ya Kwaresima kitanda chake kilikuwa kitupu, blanketi limekunjwa vizuri. Alikuwa ameondoka na lori la alfajiri. Alimwachia Sista mistari miwili tu: anakwenda kumsaidia mjomba wake bustanini, na hatarudi shule.

Oliva analala kitanda cha pili kutoka kwake. Nilimkuta jikoni akichambua mchele.

“Yaani wewe kweli hujui?” akaniuliza. “Mvua ikianza, yule hukaa kitandani miguu chini, viatu amevaa. Anausikiliza mlima.”

Ndivyo nilivyojua, Shangazi. Miaka miwili iliyopita, wakati wa mvua kubwa, kilima kiliporomoka juu ya nyumba yao. Mama yake na mdogo wake wa kiume hawakutoka. Kumbe Ludgardis hukesha kila mvua inaponyesha, na kunapopambazuka, sala ikianza, ndipo mwili wake unapoamini kwamba hatari imepita. Ndipo anaposinzia.

“Mbona hukuniambia?” nikamwuliza Oliva.

“Uliwahi kuuliza? Ulikuwa na daftari.”

Jioni ile dakika kumi hazikunitosha.

Sista alinipa ruhusa ya Jumamosi. Njia nzima nikiwa juu ya lori nilitunga maneno ya kumwambia. Na si hayo tu. Nilitunga pia hotuba ya kutoa mbele ya shule nzima baada ya Pasaka: nitapiga magoti, nitataja kosa langu, nitalia, na wasichana wote watalia pamoja nami. Niliiona siku hiyo waziwazi. Hata mwanga utakaoniangukia nilishauchagulia dirisha.

Nilishuka barabarani nikatembea saa nzima katikati ya mibuni. Ukungu ulikuwa mzito mno, nikawa nasikia mbwa na sauti za watu kabla sijaona nyumba yoyote. Mjomba wake, Mzee Rofinus, alinipokea kwa kahawa. Ludgardis alikuwa kibarazani anamenya mihogo.

“Mheshimiwa!” akasema bila kuinuka. “Umekuja kuandika majina huku pia? Anza na wale kuku, leo wamechelewa kuamka.”

Nikasimama wima. “Ludgardis, mimi kama kiranja mkuu, kwa moyo wa toba, napenda kuchukua nafasi hii...”

“Hiyo ni ya mkutanoni. Keti. Shika kisu. Ongea kama mtu.”

Nikaketi, nikamenya. Mihogo yangu ilitoka myembamba kama vidole. Maneno yote niliyoyatunga yalinipotea.

“Niliwachekesha watu kwa kukutumia wewe,” nikasema mwishowe. “Na nilifurahi. Habari za mama yako sikuzijua. Ila hata kama ningezijua, sina hakika kama ningenyamaza.”

Alinitazama kwa mara ya kwanza. “Sasa hapo umesema kweli.”

Mvua ikaanza. Bati likaita, kisu chake kikasimama. Aliacha kunitazama, akakitazama kilima kilichokuwa nyuma ya mibuni, ambacho hakikuonekana, kilikuwa wingu tupu. Akaingiza miguu kwenye viatu. Nami nikavaa vyangu, nikasogea karibu naye.

“Tunasikiliza nini?” nikauliza.

“Mawe. Mvua ina sauti yake na mlima una yake. Ukisikia mawe yanasuguana, unakimbia. Huulizi kitu.”

Tukasikiliza. Mwanzoni nilisikia bati, halafu nikasikia majani ya kahawa, halafu maji mferejini, halafu chura mmoja, halafu kitu cha mbali chini ya vyote, kama pumzi ya mtu mkubwa aliyelala. Niliingoja sauti ya mawe kwa moyo wangu wote. Nadhani sijawahi kusali namna ile. Kisha sauti zote zikawa moja, nyeupe na laini kama ule ukungu, nami nikawa ndani yake, sina jina wala cheo.

Nilipofumbua macho, mvua ilikuwa imekatika. Kichwa changu kilikuwa begani kwa Ludgardis. Mzee Rofinus alikuwa amemaliza kumenya mihogo yetu yote na anacheka peke yake.

“Umekoroma, Mheshimiwa,” Ludgardis akaniambia. “Kuku wamekuja kuangalia kuna nini.”

Uso wangu uliwaka. Angeweza kunipa jina lolote na ningelistahili. Hakunipa. Alinitoa ganda la muhogo lililonasa kwenye nywele, akalitupa.

Ndipo nikamweleza ile hotuba yangu ya baada ya Pasaka. Nilidhani atafurahi.

“Yaani unitangaze tena?” akasema. “Mara ya kwanza wacheke, mara ya pili walie? Kresensia, mimi sitaki kutangazwa. Mimi nataka kulala.”

Nilikuwa nimeacha sukari, Shangazi, na pilipili, na nyama. Kupendwa na umati nilikuwa sijakuacha. Nilikuwa nimekwenda kule kumwomba msamaha huku nimeficha mfukoni shangwe nyingine ya kujipatia kupitia kwake. Nikaiacha palepale kibarazani, na kuiacha kuliniuma kuliko njaa yoyote ya mwaka huu.

Alinisindikiza mpaka barabarani. Hakusema amenisamehe. Alisema tu nisikanyage matope ya upande wa kushoto.

Niliporudi nilikaa na viranja wenzangu. Sikuwasimulia mengi. Niliwaomba kwamba mvua ikinyesha usiku, mmoja wetu akae kwenye dirisha linalotazama mlima, asikilize, na akichoka amwamshe mwingine. Oliva alikubali kabla sijamaliza. Tuliiita zamu ya mvua. Lile jina la kejeli nilianza kulikusanya kidogo kidogo, msichana mmoja mmoja, bombani, bila kupaza sauti wala kufungua daftari. Sikulipata lote. Wako ambao bado huweka kiganja shavuni, na walijifunza kwangu.

Kwa juma zima tulilinda kitanda kitupu. Wenzetu walituona tumerukwa na akili.

Jumapili ya nne ya Kwaresima, ile ambayo padre huvaa rangi ya waridi, Ludgardis aliingia getini na gunia la mahindi begani.

“Nimekuja kwa ajili ya mitihani,” akaniambia. “Si kwa ajili yako.”

“Sawa.”

“Oliva aliniandikia. Leo zamu ya nani?”

“Yangu.”

“Wewe? Hapana, wewe unakoroma. Mpe Oliva.”

Siku hizi kuna usiku wa mvua ambao analala. Si kila usiku. Asubuhi nyingine bado anasinzia kwenye sala, na mimi nafungua kurasa za kitabu cha nyimbo polepole nisimshtue. Hatujawa marafiki kama unavyoweza kufikiri, ila jana alinigawia nusu ya ndizi yake bila kunitazama. Kukuandikia haya nilimwomba ruhusa kwanza. Akasema, “Shangazi yako yuko mbali, mwambie. Ila usimlilie kwenye karatasi.”

Sasa kuna jambo lingine, na hili hakuna atakayelisoma ila wewe.

Juma lililopita, katika zile dakika kumi, lilinijia jina ambalo si la humu bwenini. Lilikuwa lako. Nilikuwa na miaka tisa, siku ya komunyo yangu ya kwanza. Ulisimama kuwakaribisha wageni kwa niaba ya familia. Neno likakwama, kama maneno yanavyokukwama siku zote, nawe ukalisubiri. Mimi nilikuwa nyuma yako, na kijiko mkononi kama kipaza sauti, nikiiga midomo yako. Nyumba nzima ikaangua kicheko, hata babu. Hukumaliza. Ulikaa chini ukaanza kupanga sahani.

Miezi miwili baadaye ulikwenda Kalimantan. Walisema ni kazi. Tangu hapo unatuletea barua, na nguo za sikukuu, na picha za bustani yako ya maua. Simu hujapiga hata mara moja. Baba husema mtandao wa huko shambani ni mbaya, nami nimekua nikiamini hivyo. Sasa sijui. Ninachojua ni kwamba kwa miaka tisa sijaisikia sauti yako, na kwamba ni mimi niliyekuwa nimeshika kijiko.

Nisamehe, Shangazi. Si lazima iwe leo, wala si lazima unijibu.

Bibi Hilaria anakusalimu sana. Amemaliza kufuma kitambaa cheusi cha songke na hataki kusema ni cha nani. Baba na mama wanakusalimu, na kaka Rikus, ambaye ameota ndevu tatu na anazichana kila asubuhi. Mungu akushike mkono katika kila sufuria unayoinua, aupumzishe mgongo wako, akuletee Pasaka yenye amani.

Barua hii naituma kwa posta ya haraka ikuwahi. Kuanzia Jumamosi Kuu nitakuwa nyumbani, na Jumapili yote nitakaa na simu ya mama. Ukitaka kupiga, piga. Neno likikwama, liache likwame mpaka litakapotaka lenyewe kutoka. Sitakumalizia hata moja. Nitasubiri.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye,
Kresensia