Kilomita Elfu Ulizozianza Upya

Baba yangu,

Shikamoo. Nimenyamaza kidogo hapo, kama kawaida, maana marahaba yako haikuwahi kuwa na haraka. Mtu akikusalimia unamtazama kwanza, unaweka chini ulichoshika, ndipo unaitikia. Vijana wa mtaani walikuwa wameshafika duka la tatu. Wala hukujali.

Nakuandikia nikiwa dukani, kwenye kiti chako, mlango nimeurudisha nusu. Leo ni Jumapili. Pikipiki yako iko mbele yangu, kati ya kaunta na rundo la tairi, na asubuhi hii mita yake imefika elfu mbili. Wewe unajua maana yake. Wengine watakaosoma barua hii hawajui, na ndiyo sababu naiandika wazi. Nimechoka kukificha nilichokifanya.

Ulipoinunua, mwezi wa tisa, nilikucheka. Miaka thelathini unauza spea za pikipiki Kariakoo, na pikipiki yako mwenyewe hujawahi kuwa nayo. Ukaniambia ulipoondoka Rombo ukiwa kijana, na begi moja, ulimwahidi Bibi kwamba siku moja atakusikia unapanda kwenda nyumbani na pikipiki yako. Kisha ukaoa, ukasomesha, ukamuuguza Mama mpaka akatutangulia, na pikipiki ikawa inasubiri tu. Sasa Bibi haoni tena, lakini masikio yake ni yale yale. Ukampigia simu mbele yangu. Ukamwambia Krismasi hii asikilize barabarani, ukifika kwenye kona ya kanisa utapiga honi mara mbili, ajue ni wewe.

Ila injini mpya, ulisema, hailazimishwi. Inalainishwa kwanza. Kilomita elfu moja, usizidi arobaini kwa saa, usibebe mtu, ikipata moto usimame ipoe. Halafu unamwaga oili ile ya kwanza, unaweka nyingine, ndipo unaiamini kwa safari ya mbali. Goti lako lilikuwa linakusumbua, ukanikabidhi mimi kazi hiyo, kila asubuhi kabla ya kufungua duka.

Zile asubuhi za mwanzo nazikumbuka kuliko hata harusi yangu. Ulikuwa unakaa pale Mnazi Mmoja, kwenye ukuta mfupi, na kikombe chako cha kahawa chungu na kashata, mimi nazunguka. Nikipita unashusha kiganja, pole pole. Nikipita tena unashusha tena, utadhani nilikuwa nakimbia. Mikokoteni ya mizigo ilikuwa inanipita, Baba. Bodaboda mmoja alinisogelea akaniuliza kama nimebeba mayai, na wewe ukacheka mpaka kahawa ikakumwagikia shati. Mimi nilinuna siku nzima. Nilikuwa na miaka thelathini na nne, dukani naitwa bosi, halafu natembezwa na baba yangu kama mtoto anayejifunza baiskeli.

Novemba biashara ikachangamka, unaijua mwenyewe Kariakoo ikikaribia sikukuu. Mita ilikuwa kwenye mia na themanini. Nikawa nakuambia asubuhi naenda, kumbe nazunguka mtaa mmoja na kurudi. Siku moja nikaipeleka kwa fundi, upande wa Msimbazi. Jina lake sitalitaja, kwa sababu kosa si lake. Akachomoa waya wa mita kwenye gurudumu la mbele, akaufunga kwenye drili, akawasha. Nilikaa pale mchana ule natafuna muhogo wa kuchoma huku natazama namba zinapanda, na pikipiki imesimama. Ilipofika elfu moja kamili nikasema inatosha. Hata akili ya kuiacha elfu moja na tatu sikuwa nayo.

Nikakuletea ufunguo. Ulifurahi, Baba. Uliiosha mwenyewe, ukampigia Bibi ukamwambia iko tayari. Kisha ukatandika gunia hapa hapa dukani, ukaweka beseni, ukafungua nati ya chini. Oili ikatoka ina rangi ya asali. Ukachovya vidole viwili, ukavisugua, ukanusa.

"Hii oili haijaenda popote," ukasema.

Nikakujibu kwamba oili za siku hizi ni nzuri, hazichafuki upesi. Nilimwambia hivyo mtu aliyeuza oili miaka thelathini, tena nikiwa nimemkazia macho. Uliniangalia kama unavyomwangalia mtu aliyekusalimia, kabla hujaitikia. Nilisubiri unitukane. Ungenitukana ningepata pa kushika, ningekujibu, tungegombana, yangekwisha. Wewe ukamimina oili mpya, ukafunga nati, ukatia ufunguo kwenye mfuko wa shati.

"Naanza upya. Hizo zako sizihesabu."

Basi. Hukumwambia mtu, hata mke wangu hukumwambia. Ukaanza kuzunguka mwenyewe na goti lako bovu, nusu saa leo, robo saa kesho, kutoka elfu moja kwenda elfu mbili. Desemba ikafika, Wachagga wote wamejaa stendi na mizigo, nikakusihi upande basi na sisi. Ukasema hukumwahidi Bibi basi. Nikapanda na mke wangu na watoto, nikakuacha. Hilo nalo naliandika hapa.

Bibi aliponishika mkono pale uani aliuliza kama umetangulia au unakuja nyuma. Nikamwambia kuna kazi dukani. Akasema duka hilo tangu lifunguliwe kazi haziishi, akaniachia mkono.

Jirani yetu Kantibhai, wa duka la vitambaa, ndiye aliyenisimulia Krismasi yako. Anasema mtaa ulikuwa mweupe, maduka yote yamefungwa, na wao Wahindu hiyo si sikukuu yao, kwa hiyo walikuwa wamekaa barazani ghorofani yeye na mkewe. Wakakuona unapita, shati limepigwa pasi, helmeti kichwani, taratibu. Baada ya muda unapita tena. Wakadhani umepoteza kitu. Mkewe akakushushia chai na laddu, vile vitamu vyao vya mviringo, ukanywa umesimama, na walipokuuliza mbona hukwenda kwenu ukawaambia utafika Pasaka, injini bado mbichi. Hukusema mwanangu kanidanganya. Kantibhai ananihadithia hivyo kwa kukusifia, na mimi natamani ardhi inimeze.

Pasaka hukuiona. Ilikuwa Februari, Jumatano, ukasema kichwa kinakuuma, ukakaa kwenye kiti hiki. Nilikuwa nahudumia mteja. Nilipogeuka nikuulize bei ya cheni ulikuwa umelala upande. Daktari akasema ni presha. Mita ilikuwa imesoma elfu moja mia sita na arobaini.

Tukakupeleka Rombo kwa gari la kukodi, watu wanaimba njia nzima. Tulipokushusha, Bibi alikuwa amekalishwa kwenye kigoda mlangoni. Akaniuliza mimi, kati ya watu wote wale, "Mbona pikipiki sikuisikia?" Akina mama wakaangua kilio, wakasema uzee na majonzi vimemchanganya. Hakuchanganyikiwa hata kidogo.

Unakumbuka ulivyonifundisha habari ya isale? Nilikuwa darasa la nne, nilimpiga jiwe mbuzi wa baba mdogo akavunjika mguu. Ukanipeleka kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la migomba kule Rombo, ukachuma jani moja, ukalifunga fundo, ukanipa mkononi. Ukasema mtu akikuletea isale huwezi kumkatalia msamaha, hata kama moyo unakuwaka, na anayelipeleka lazima aseme kosa lake kwa mdomo wake. Baba mdogo akalipokea, usiku tukala naye. Tangu Novemba hadi Februari nilikuwa na nafasi ya kukuletea jani lile, Baba. Kariakoo hii inauza kila kitu cha dunia, lakini masale hayapo, na mimi nikajipa kisingizio kwamba nitakuletea tukifika nyumbani pamoja; hata Krismasi nilirudi kutoka Rombo bila jani. Tuliishi nyumba moja, tunakula meza moja, nikashindwa hata kusema samahani ya mdomo mtupu. Nilikuwa naona haya. Nilidhani muda upo.

Baada ya arobaini yako nikachukua ufunguo. Zilibaki mia tatu na sitini, nimezimaliza zote, Jumapili kwa Jumapili, sijazidi arobaini hata mara moja. Vijana wameniuliza tena habari ya mayai. Nikifika kwenye ukuta wako pale Mnazi Mmoja napunguza hata kama hakuna mtu, mkono wangu unajua wenyewe. Leo asubuhi namba zimegeuka nikiwa karibu na pale. Nikazima injini, nikaisukuma kwa miguu mpaka dukani.

Nimetandika gunia lako, nimeweka beseni. Oili imetoka nyeusi, Baba, na ukiisugua kwenye vidole unaona vumbi la chuma linang'aa. Hii imeenda. Nimeitazama mpaka chozi likaingia humo humo kwenye beseni, nikajisikia mjinga, nikaendelea kulia.

Kesho alfajiri naondoka. Chalinze, Segera, Same, halafu Himo, halafu ule mlima wa kwetu. Nimebeba helmeti yako kwenye mkoba. Nikifika kwenye kona ya kanisa nitapiga honi mara mbili, na najua Bibi atatoka, kwa sababu ninyi wawili mna masikio ya aina moja. Ingawa alikuzika, atadhani ni wewe. Hicho ndicho kinachoniogopesha kuliko barabara yote, zile dakika chache ambazo atadhani ni wewe.

Kabla sijamsogelea nitapita mpakani nichume isale, nilifunge fundo kama ulivyonionyesha. Nitapiga magoti pale kwenye kigoda chake nimwambie ulikuwa unakuja, tena Desemba ile ile, kama ulivyosema, na kwamba mimi ndiye niliyekuchelewesha. Jani nitampa yeye, maana wewe mkono wa kulipokea huna tena. Akilishika, sitamharakisha aseme kitu. Nitasubiri, kama nilivyokuwa nasubiri marahaba yako.

Pumzika, Baba.

Mimi mwanao wa kwanza, yule uliyemwachia ufunguo.