Moyo wa Mama Haujasimama

S.L.P. 61,
Isebania.
9 Machi 2025

Mpendwa ndugu yangu Machuki,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Doha, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa vumbi kimetulia. Sisi tu wazima. Mvua imeanza na mahindi tumepanda.

Najua tangu Mellen akupigie hujalala vizuri. Nimeona afadhali nikuandikie, maana kwenye simu maneno hukatika na mtu akabaki na lile moja la kutisha.

Ilikuwa hivi. Mama alipoanza kuvimba miguu na kuhema akitembea kidogo tu, binamu yetu Mellen alimpeleka hospitali kule Migori. Daktari alimweleza Mellen kwa Kiingereza, upesi upesi kwa vile foleni ilikuwa ndefu. Mellen naye akamfasiria Mama kama alivyosikia: moyo wako umefeli. Simlaumu. Anasomea uhasibu pale Rongo, na kufeli anakokujua ni kwa mtihani.

Mama hakulia. Alifika nyumbani akampa jirani yetu Gisiri kuku wake wote, akawaambia akina mama wa kanisa nyimbo anazotaka aimbiwe. Dawa hakuzifungua. Nilipomuuliza, alisema moyo ukishafeli dawa ni ya nini. Baada ya siku chache akawa hawezi kulala chali. Akawa analala ameketi, ameegemea ukuta.

Nikamrudisha hospitali mimi mwenyewe. Nilimwomba yule daktari, Oyaro, aongee na Mama kwa Kiswahili, polepole. Aliuchukua mkono wa Mama akauweka kifuani pa Mama mwenyewe.

“Unapiga?”

“Unapiga.”

“Basi haujasimama, Mama. Umedhoofika. Hausukumi damu vizuri, ndiyo maana maji yanajaa miguuni na kwenye mapafu. Hizi dawa zinausaidia kazi.”

Mama akauliza kama utapona. Daktari hakumdanganya. Alisema hautarudi kuwa kama zamani, lakini wako wengi wanaoishi nao miaka, wakinywa dawa kila siku na kupunguza chumvi. Miaka mingapi, hakusema.

Sasa anazinywa. Miguu imepungua, na anaweza kulala kitandani juu ya mito miwili. Kuku amewadai. Gisiri aliwarudisha wote isipokuwa jogoo, ambaye alikuwa ameshaliwa na wageni. Hapo Mama alicheka, na mimi nikaenda nyuma ya nyumba nikalia.

Mellen aliniambia unaomba ruhusa kazini uje kuzika. Nilimweleza Mama. Halafu akaniagiza nikuandikie maneno yake kama yalivyo:

“Mwambie aje sasa, wakati bado naweza kumsongea ugali wa wimbi.”

Mellen na mjomba Arasa wanakusalimu sana, na watoto wanauliza habari zako. Mungu akutunze kazini na akufungulie njia.

Ni mimi dada yako, ninayekuwaza kila siku,

Bitutu