Mdudu Aliyefunga Milango

Jumatatu, 3 Machi
Mikojo kumi na tisa imeletwa maabara leo. Yote nimeiotesha kwenye sahani, nione kama ina bakteria. Mgongo unauma. Mkojo mmoja ni wa mama mkubwa, aliyenilea tangu mama afariki. Jana walimleta kutoka Kisesa akitetemeka kwa homa, ubavu unamchoma. Lebo nimeiandika mwenyewe. Sikupenda.

Jumanne, 4 Machi
Bakteria wa mama mkubwa wameota. Wengi. Nimewapaka kwenye sahani mpya na kupanga vipande vya karatasi vyenye dawa. Dawa ikifaa, kesho nitaona duara tupu kuzunguka kipande chake. Homa yake haijashuka. Mungu ambariki nesi wa zamu, anamkanda kwa maji bila kununa.

Jumatano, 5 Machi
Hakuna duara. Nimepima kwa rula mara tatu. Wameota mpaka kwenye karatasi, hata kwa dawa kali ya akiba. Duara moja tu: amikasini, ya sindano. Nimeyakimbiza majibu wodini.

Mkuu wetu wa maabara, Mhaya asiyekuacha bila somo, alinieleza. Ukuta wa nje wa mdudu huyu una protini zenye matundu. Ndiyo milango yake. Chakula hupita humo, na dawa nyingi pia. Akiipunguza anapata shida ya kula, lakini dawa inabaki nje, na ile kidogo inayopenya anaikatakata. Amikasini haingoji mlango, inaubomoa ukuta wenyewe. Hatuna kifaa cha kuziona protini hizo, akasema, ila anadhani ndivyo.

Alhamisi, 6 Machi
Sindano ya pili. Homa bado. Daktari anahofia figo, maana amikasini huweza kuziumiza. Nikamuuliza mama mkubwa alikuwa anatumia dawa gani nyumbani.

"Si zile rangi mbili zako? Ubavu ukiuma nameza mbili, ukipoa naacha. Nyingine nampa jirani."

Zangu, kweli. Kila nikienda Kisesa: sukari, sabuni, pakiti ya rangi mbili, vidonge vya antibiotiki. Mtu wa hospitali haendi kwao mikono mitupu. Na mimi kazi yangu ni kusoma sahani! Najichukia. Akifa, nimemuua kwa zawadi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemwambia mkuu. Hakunipamba wala hakunizika. Mdudu kama huyu huokotwa popote, alisema, chanzo hatutakijua. Ila kila dozi isiyomalizwa huua wenye milango wazi na kuwaachia nafasi waliofunga. Nashukuru hakunidanganya. Sijala.

Jumapili, 9 Machi
Homa imeshuka! Figo nzima. Ameomba ugali na sato, akalalamika sato hana chumvi. Nimelia stoo, kati ya maboksi ya glovu. Asante Mungu. Asante kwa duara lile moja.

Jumanne, 11 Machi
Leo nimemweleza yote. Milango, rangi mbili, mimi. Sikumtazama usoni.

Akauliza, "Na jirani je?"

Akaomba simu yangu, akampigia hapo hapo. Sauti imerudi, wodi nzima ilisikia. "Vile vidonge usimeze tena. Mwanangu amekataza."

Mwanangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa neno jingine.

Amelala sasa. Nje mvua imeanza, dirisha nimelifunga. Nitakaa naye mpaka muda wa kuona wagonjwa uishe.