Aliyekuwa Akionja Pombe

Marahaba, mjukuu wangu Boke. Hapa Nyanungu tu wazima, mahindi yamebeba, Bwana asifiwe. Umeuliza kama kitabu ulichonitumia nimpe mama yako, ambaye tangu ajifungue mdogo wako amekuwa mkimya, au kitamwaibisha.

Nilipomzaa mama yako, huzuni ilinikalia. Kwetu mpika pombe huonja kwanza mbele ya wageni, waone haina sumu. Basi kila shughuli nikajitolea kupika. Mama mkwe alinitania, "Mkamwana wangu huyu anaonja mpaka sumu ikimbie!" Watu wakacheka, nami nikacheka. Mungu alinitoa huko taratibu; mengine tuyaache.

Yule mwandishi wa kitabu chako ana moyo, mjukuu wangu. Ulevi wake, kutamani kufa, uchungu wa kuwa mwanamke, vyote amevisema, na jina lake akaliweka kwenye jalada. Nimemsoma huku namwombea kama dada yangu.

Jana nilimpa mama yako kitabu, lakini kwanza nikamsimulia habari ya kuonja. Akaniangalia sana.

"Mama, hata wewe?"

Kisha akalia, akaanza kusema.

Ni mimi bibi yako, nakuombea.