Risasi Zilizokataa Kuingia

Augusta, Montana
Mwishoni mwa Novemba

Kwa dada yangu mpendwa Ardith,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji Royce. Goti linaendeleaje tangu upasuaji? Natumai sasa unapanda ngazi bila kumtukana mtu. Huku tu wazima. Theluji imeshashuka hadi kwenye uzio wa malisho, upepo ni ule ule unaoujua, na Baba anakula vizuri, ila anasema viazi vyangu vya oveni vinahitaji maombi. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya nyumbani iko jikoni, na masikio ya Baba bado ni ya sungura.

Nilichukua likizo nije kuwinda kama kila mwaka. Baba alikuwa ameshaniwekea risasi zangu kwenye kile kiboksi cha kijani, amezitengeneza mwenyewe kule chini ya nyumba kama alivyotutengenezea tangu tukiwa wasichana. Hakwenda mlimani nami. Alisema mgongo unamsumbua, nikaamini.

Asubuhi ya pili, nyuma ya shamba la jirani yetu Lyle Wickstrom, dume la kulungu lilitoka kwenye misonobari likasimama ubavu mbele yangu. Nikasukuma risasi ndani, nikalibana komeo la bunduki. Likagoma kufunga. Nikatoa risasi ile, nikatia nyingine, nayo ikagoma. Dume likanitazama kama mtu anayengoja foleni, kisha likaenda zake. Lyle, aliyekuwa kando yangu, hakucheka hata kidogo. Hilo ndilo lililonishangaza, maana Lyle hucheka hata msibani.

Unakumbuka kazi yenyewe, Ardith. Risasi ikishapigwa, ganda lake la shaba huvimba likachukua umbo la mtutu. Ili litumike tena, unalipitisha kwenye kalibu, kile chuma cha kulirudishia umbo, unalikandamiza, bega lake, pale linapoanza kuwa jembamba, linarudi nyuma kiasi cha unywele. Ukilirudisha kidogo mno, halitaingia bundukini. Ukilirudisha kupita kiasi, litaingia vizuri kabisa, lakini litavutika na kuchoka kila unapolitumia, na siku moja litachanika, moto wote ukurudie usoni. Baba hakuwahi kukosea pande zote mbili. Alikuwa akipima ganda moja moja, na sisi tukisinzia pale kwenye ngazi tukingoja amalize.

Niliporudi nilishuka chini nikayapima maganda ya zile risasi. Yote yalikuwa marefu mabegani, tena kwa kiasi kile kile. Nikamwita Baba. Nilimwambia kwa upole kwamba huenda kalibu imelegea. Akawaka.

"Wee Marlys, mimi nimeanza kukandamiza maganda kabla hujaota jino hata moja! Leo unanifundisha?"

Nikamwambia sifundishi, apime tu mwenyewe aniambie. Akakichukua kile kipimo cha betri tulichomnunulia, akalibana ganda kwenye taya za kipimo, akageukia dirishani, akainamisha kichwa upande kama kuku anayetazama punje. Kisha akanitajia namba, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Ilikuwa namba sahihi kabisa, ile ile aliyotukaririsha utotoni.

Dada, kipimo kilikuwa kimezimwa. Kioo chake hakikuwa na kitu.

Nadhani kunyamaza kwangu ndiko kulikomwambia. Alikiweka kipimo mezani polepole, akapapasa kiti, akakaa.

Akanieleza kwamba tangu majira ya kuchipua katikati ya macho yake kuna doa, kama kidole kilichopakwa mafuta kwenye kioo. Pembeni anaona. Akimtazama mtu usoni, uso unapotea, yanabaki masikio. Daktari amemwambia halitaondoka. Lyle ndiye aliyempeleka, na ndiye aliyempimia baruti yote ya mwaka huu kwenye mizani, chembe kwa chembe, maana Baba alikataa katakata kuigusa baruti asiyoweza kuiona. Nilitaka kutoka nikamkamate Lyle koo. Baba akasema, "Mwache. Nilimwapisha."

Nikamuuliza, kama baruti aliiogopa, mbona maganda ameyafanya mwenyewe? Akasema hakukosea. Aliipandisha kalibu kwa makusudi, ili mabega yasirudi nyuma vya kutosha. Alijua macho yake hayawezi tena kupata ule unywele, akaamua upande wa kukosea.

"Nikaona heri bunduki ikukatalie kuliko ikupasukie usoni," akasema. "Na ikikukatalia, utashuka huku kuniuliza. Nilikuwa nakungoja, mwanangu. Mdomo wa kukuambia sikuwa nao."

Kisha akanitania kwamba ningekuja mapema zaidi, ila najulikana kwa kuchelewa kuamka.

Siku iliyofuata tulifanya kazi pamoja. Yeye alishika mkono wa mashine ya kukandamiza na kunielekeza kwa hisia za vidole, mimi nikasoma namba. Tuliishusha kalibu kidogo kidogo, tukijaribu ganda tupu bundukini kila mara, hadi komeo likafunga. Aliweka kiganja chake juu ya changu wakati linafunga, akaguna tu. Jumapili ya mwisho ya msimu nilipata jike la kulungu. Baba alikuwa barabarani na Lyle ndani ya gari. Lyle anasema Baba, aliposikia mlio mmoja tu, alimwambia, "Toa visu."

Jioni hiyo Baba aliniwekea funguo za gari lake kando ya sahani yangu. Sikuwa nimeziomba.

Sasa lile tulilokubaliana mimi na wewe, kuuza nyumba na kumpeleka huko kwako Arizona. Ardith, mimi nimeliacha. Nimeshatoa taarifa ya kuhama kule Great Falls, nakuja kukaa naye. Nilipaswa kukuuliza kwanza, najua, na utakasirika. Kasirika, lakini njoo Krismasi ukasirikie hapa.

Ombi moja tu. Habari ya macho anataka kukuambia mwenyewe utakapopiga simu. Nimemsikia ghalani akijaribu maneno, akimwambia mbwa. Ukiona anazungumzia theluji na bei ya nyasi bila kufika mwisho, usimkatishe. Usimsaidie pia. Jifanye hujui, umngoje afike.

Msalimie Royce na watoto. Tunza hilo goti. Lyle naye anakusalimu, ingawa bado sijamsamehe.

Mdogo wako akupendaye,
Marlys